Mkono Mzito, Sindano Laini

Jumatano asubuhi, Gramu akiwa bado anafuta vumbi la meza, alimwona mama mkwe wake akishuka ngazi za jengo, mkono mmoja ukutani, mwingine umekumbatia kifurushi cha kitambaa. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa, mama yule hakuwahi kukanyaga dukani kwake. Gramu alisimama kwa haraka mpaka stuli ikaanguka. Akaiinua, ikaanguka tena.

Duka lenyewe si la kumkaribisha mkwe. Ni chumba kimoja chini ya ngazi, upande huu fotokopi, upande ule muuza miwani, na ndani yake mashine za kupigia santuri zimepangwa mpaka darini, nyingine hazina mikono, nyingine hazina wenyewe. Juu ya meza kuna taa ya kuinama, bisibisi za saa na mizani ndogo inayopima hadi sehemu ya kumi ya gramu. Mizani hiyo ndiyo iliyompa jina. Hupima sindano, hupima skrubu, na wasema ovyo wa ghorofani wanadai hata sukari ya chai huipima. Huo ni uongo. Aliipima mara moja tu, tena kwa ubishi.

Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, mama huyu alimuuliza anafanya kazi gani. Akajibu kwamba anatengeneza mashine za santuri. Mama akauliza, "Na zikiisha?" Hazijaisha mpaka leo. Wapo wazee wanaotafuta sahani za santuri za ujana wao, na wapo vijana waliozaliwa juzi wanaozililia kama vile wao ndio waliozicheza. Lakini swali lile lilimkaa Gramu kooni kama mwiba wa samaki, na kila alipokaa meza moja na mkwewe alijiona bado anaulizwa.

Alimwamkia, akampa kiti chenye mgongo. Mama akakaa, akaweka kifurushi mapajani, akaanza kueleza bila kuzunguka.

Habari yenyewe Gramu aliijua nusu. Kuna wimbo mmoja ambao kila mtu anaujua, wimbo wa mwanamke anayesema mlango ameuacha wazi. Unapigwa harusini, umo kwenye milio ya simu, na siku hizi umeingia hata kwenye tangazo la rangi za nyumba. Kote umeandikwa kuwa ni utunzi wa kiongozi wa bendi fulani, marehemu wa siku nyingi. Mama mkwe aliimba katika bendi hiyo kwa miaka miwili kabla ya kuolewa, na tangu watoto wake wakiwa wadogo amekuwa akiwaambia kwamba wimbo ule ni wake, maneno na sauti. Walimsikiliza kama unavyomsikiliza mzee anayesema zamani alikuwa anakimbia sana. Mke wa Gramu, ambaye ni muuguzi na hasemi uongo hata wa kumfariji mgonjwa, aliwahi kukiri kitandani kwamba hajui kama anamwamini mama yake.

Sasa mjukuu wa yule kiongozi alikuwa amepeleka wimbo kwenye Chama cha Watunzi uandikwe rasmi kwa jina la babu yake. Mama akasikia, akaenda na yeye, na fimbo yake na mikono mitupu. Kamati ilimsikiliza kwa heshima, ikampa mpaka Alhamisi saa nne asubuhi alete ushahidi. Asipoleta, jina la babu litaandikwa na kitabu kitafungwa.

"Ushahidi ndio huu," alisema, akafungua kitambaa. "Siku tulipourekodi redioni walikata sahani mbili. Moja walibaki nayo, ikaungua na stoo yao. Mtangazaji anaongea mwanzoni, kabla ya ngoma. Anataja mwenye wimbo. Ananitaja mimi."

Gramu alitaka kuuliza ilikuwaje sahani hiyo isifike mikononi mwake miaka yote hiyo, wakati kazi yake mama anaijua. Akajiuma ulimi. Mama akajibu hata hivyo. Mtu wa mwisho kuipiga alikuwa kaka yake. Sindano iliruka, kaka akaweka sarafu juu ya kichwa cha mkono wa mashine ili ikae, na sarafu ikaichimba sahani ubeti mzima wa pili. Siku hiyo mama aliapa hakuna mwanamume mwingine atakayeigusa.

"Sasa sina jinsi," alisema, akimtazama. Hiyo haikuwa sifa, lakini Gramu aliipokea.

Akaishika sahani kwa ncha za vidole na kuiinua machoni. Haikuwa santuri ya kawaida ya plastiki. Ilikuwa bati la alumini lililopakwa utando mweusi, laini kama rangi ya kucha, ambao studio za zamani zilikuwa zikichonga sauti humo moja kwa moja. Utando ulikuwa umeanza kubanduka. Kila sindano ambayo ingepita ingeondoka na unga wake. Zaidi ya hayo, sahani ilikuwa imepinda, ukingo unapanda na kushuka kama bati la paa, na huko ukingoni ndiko maneno ya mwanzo yalikokuwa. Kuikandamiza inyooke ni kuuharibu ushahidi, kwa sababu utando ungepasuka.

Alimwambia ukweli. Sahani ina mapito mawili ndani yake. La tatu litakuwa la kumsikiliza mtu akikwangua sufuria.

"Mawili yanatosha," mama alisema. "Wewe si ndiyo kazi yako?"

Basi, ikawa ndiyo kazi yake. Na hapa lazima tueleze kidogo, maana bila hili hutaelewa kilichomtia Gramu aibu. Mbele ya mkono wa mashine kuna kichwa, kidude kidogo kinachoshika sindano, na ndani ya kichwa sindano imeegemea mpira. Mkono una uzito wake, mpira una ulaini wake. Ni kama mtu aliyelala juu ya kitanda cha springi: mnene juu ya springi laini atayumba taratibu, mwembamba juu ya springi ngumu atatikisika upesi. Kila mkono na kila kichwa vikioanishwa vina mwendo wao wa kuyumba. Fundi anayejua kazi hutaka wayumbe mara tisa au kumi kwa sekunde. Wakipita hapo sana, wanaharibu sauti za chini za ngoma. Wakipungua, kila wimbi la sahani na kila kishindo cha mguu kinawarusha, na sindano inatoka mferejini, kwenye ule mstari mwembamba uliochongwa sauti. Gramu hupenda kusema kwamba yeye ni mshenga tu: haangalii uzuri wa bibi wala wa bwana, anaangalia kama watakaa pamoja.

Mashine moja tu pale dukani ilikuwa na ule mwendo wa haraka wa sahani za zamani, na mkono wake ulikuwa mzito. Kichwa kimoja tu kilikuwa na sindano pana ya kutosha mifereji ile, na Gramu alikuwa hajawahi kukioanisha na mkono huo. Akatoa karatasi yake ndani ya boksi. Ulaini: kumi. Akapima kichwa, akapima skrubu, akajumlisha na uzito wa mkono, akazidisha, akatafuta kipeuo, akagawanya. Jibu likaja karibu mara kumi kwa sekunde. Lilikuwa jibu zuri mno, na alimgeuzia mama ile karatasi ya hesabu aione, kama mtoto anayeonyesha alama za mtihani.

Siku nyingine yoyote angejaribu kwanza na santuri mbovu. Anayo moja, ya matangazo ya sabuni, imepinda vibaya, na anaiweka kwa kazi hiyo hiyo. Lakini mkwe amekaa, anatazama, miaka ishirini na sita inatazama pamoja naye, na hesabu iko wazi. Akaunganisha kompyuta irekodi. Akaiweka sahani ya mama moja kwa moja na kushusha sindano ukingoni.

Wimbi la kwanza mkono ulipanda nalo. La pili ulipanda na kuchelewa kushuka. La tatu ulirudi chini wakati sahani inakuja juu, sindano ikaruka, ikaangukia ndani zaidi na kuteleza, na spika zikatoa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Gramu aliuinua mkono kabla haujaruka tena. Kwenye sahani ulibaki mstari, mwembamba kama unywele, na pembeni yake unga mweusi.

Mama hakupiga kelele. Aliinama, akautazama ule mstari kwa muda, akasema, "Kaka yangu naye alianza hivi hivi."

Gramu alitamani ardhi ipasuke.  Limebaki pito moja, na moja limeliwa na majivuno yake, na alijua hivyo, na alijua mama anajua. Akasema tu, "Nimekosea, mama. Sikujaribu kwanza." Mama akamuuliza kama sasa waweke sarafu. Akamjibu kwamba sarafu ndiyo iliyochimba ubeti wa pili, na utando huu hauwezi kubeba sarafu nyingine. 

Alirudi kwenye hesabu. Akapima upya kila kitu, akazidisha upya, na jibu likawa lile lile. Kumi. Alipoona namba hazimsaidii, akaanza kusoma karatasi kama mtu anayesoma mkataba baada ya kutapeliwa, neno kwa neno, mpaka mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa herufi za kusomea kwa lenzi: ulaini umepimwa kwa mitetemo mia kwa sekunde.

Akaweka lenzi chini. Hilo lilikuwa kosa la kijinga ambalo fundi tu ndiye angeweza kulifanya, maana asiye fundi asingefika hata huko. Vichwa vyote alivyozoea vilitoka kwenye viwanda vinavyopima kwa mitetemo kumi. Hiki kilitoka kwingine. Mpira ukitikiswa haraka hukakamaa, ukitikiswa taratibu hulegea, na mkono huyumba taratibu. Kumi ya karatasi ile, kwa kazi ya mkono, ilikuwa kama kumi na nane. Alikuwa amemuoza bibi laini karibu maradufu ya alivyodhani kwa bwana mnene, na wakawa wanayumba mara saba, jirani kabisa na mwendo wa mawimbi ya sahani.

Kichwa kingine hana. Mkono mwingine hana. Kinachoweza kupungua ni uzito, na uzito unaoumiza zaidi ni ule wa mbele kabisa, kwenye kibebeo, kipande cha chuma kinachofungiwa kichwa. Akakifungua, akakipima. Gramu kumi na tano. Akapiga hesabu ya anachohitaji, safari hii akaipiga mara tatu. Gramu sita.

Dukani hakukuwa na kibebeo cha gramu sita. Kulikuwa na birika la chai la alumini juu ya jiko la umeme. Gramu akalitazama, akachukua kifuniko chake, akakibana kwenye jiliwa la meza na kuchukua msumeno wa chuma.

"Hilo birika niliwapa mimi," mama alisema. "La harusi."

"Najua, mama," alisema Gramu, akaanza kukata.

Kazi ilimchukua saa tatu. Alikata kipande cha urefu wa kidole, akakipiga tupa kingo zote, akatoboa matundu mawili ya skrubu na mengine manne ya kupunguza uzito. Akakiunga na shingo aliyoing'oa kwenye kibebeo kilichovunjika. Akapima: gramu saba na nusu. Akarudi kwenye tupa. Saba. Sita na nusu. Mama alikuwa amesogeza kiti, anafuata namba za mizani kwa midomo, na ilipofika sita alishusha pumzi kabla yake. Gramu akafunga kichwa kwa skrubu za alumini badala ya chuma, akasogeza uzani wa nyuma mpaka mkono ukasimama sawa hewani, akarudisha mgandamizo wa sindano.

Safari hii santuri ya sabuni ilitangulia. Aliiweka, akashusha sindano, akainama mpaka shavu likagusa meza. Mkono ulipanda na wimbi, ukashuka na wimbi. Kijiti cha sindano hakikutikisika. Sauti ya mwanamke ikawasifia povu jingi tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukatika hata neno, na Gramu akaipiga tena, na tena, mpaka mama akamwambia kwamba sasa sabuni ameielewa.

Saa tisa alasiri alikwenda fotokopi na kumuomba jirani azime mashine kwa dakika tano na asiruhusu mtu apite ngazini. Wanafunzi waliokuwa kwenye foleni walilalamika. Jirani akawaambia chini ya ngazi kuna operesheni.

Akaifuta sahani kwa brashi laini, akaiweka. Alijua pa kuishushia sindano: mwanzo kabisa, nje ya mahali ambapo kila mtu alikuwa akianzia, kwenye mifereji ya kwanza ambayo tangu sahani ipinde hakuna sindano iliyoweza kukaa. Akautazama ule mstari wa asubuhi. Ulipita juu ya mifereji hiyo hiyo. Akasema bismillahi kimoyomoyo, akashusha.

Palikuwa na mchakacho, kisha mlio mmoja wa "ta" kila mzunguko, pale mstari ulipokata. Mkono ukapanda, ukashuka. Sindano ilikaa. Halafu, mbali, kama mtu anaongea chumba cha pili, ikatoka sauti ya msichana. Mkataji wa sahani studioni alikuwa amekwisha kuteremsha kisu chake cha kurekodia, na hakuna aliyemwambia msichana.

"Rudia. Hapo husemi umeufunga. Unasema mlango nimeuacha wazi. Ukiufunga, wimbo umekwisha, huyo atarudi vipi?"

"Mlango nimeuacha wazi," mwanamume akaimba, nusu sauti. Akauliza, "Na ubeti wa tatu?"

"Wa tatu nitakupa kesho, sijaumaliza."

Mtu akakohoa. Kisha mtangazaji akaja, karibu na kwa nguvu, akaikaribisha bendi, akasema wasikilizaji sasa watasikia wimbo mpya, uliotungwa na kiongozi wake. Akalitaja jina la huyo kiongozi, lote, vizuri kabisa. Ngoma ikaanza.

Gramu aliuacha mkono uende mpaka mwisho, kwa sababu hakuthubutu kuugusa, na kwa sababu hakutaka kugeuka. Ulipofika katikati akauinua, akahakikisha kompyuta imehifadhi, akahakikisha tena. Unga mweusi ulikuwa umejaa kwenye sindano. Sahani ilikuwa imekwisha.

Alipogeuka, mama alikuwa ameshika fimbo kwa mikono yote miwili.

"Miaka yote hii nasema alinitaja," alisema. "Ningekula hata kiapo. Na nilikuwa nimesimama pale pale, hatua mbili, nikamsikia."

Gramu alimhurumia. Ushahidi walikuwa nao, bora kuliko ule waliokuja kuutafuta, na mara baada yake ulikuwapo ushahidi wa kuubomoa. Kompyuta ilikuwa mbele yake. Kidole kimoja tu. Kamati isingejua, na sahani isingeweza tena kumsuta mtu.

"Mama," alisema taratibu, "naweza kukata hapa. Kabla ya mtangazaji."

Mama alifikiri. Gramu aliona kabisa kwamba anafikiri, wala hakumlaumu.

"Usikate," mama alisema. "Nimewaambia watu uongo bila kujua. Nisiwaambie mwingine nikijua."

Kesho yake, saa nne, mke wa Gramu aliomba ruhusa zamu ya asubuhi akaandamana nao. Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki na feni iliyokwama. Gramu aliweka spika mezani, akapiga yote, kuanzia mchakacho mpaka ngoma. Mke wake, aliposikia sauti ya yule msichana, alimshika mkono mama yake na hakuuachia tena.

Ilipokwisha, mwenyekiti akauliza swali ambalo wote walijua litaulizwa. Mtangazaji amemtaja mwingine, na mama alikuwepo. Kwa nini hakusema?

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," mama alijibu. "Waliniambia nikisema, wimbo hautapigwa. Nilitaka upigwe."

Mwenyekiti akamgeukia mjukuu wa kiongozi, mtu wa makamo mwenye faili jekundu, akamuuliza kama anaitambua sauti ya mwanamume. Mjukuu alikuwa ameinamisha kichwa tangu kikohozi kile. Aliomba wapige tena pale mwanzo. Gramu akapiga. Na ubeti wa tatu? Wa tatu nitakupa kesho, sijaumaliza.

"Ni babu," mjukuu alisema. "Huyo ni babu, na anauliza." Akafunga faili.

Katibu akavuta kitabu, akamuomba mama jina lake kamili, la kwake, la baba yake na la babu yake. Mama akanyanyuka kwenye kiti, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Akayataja moja moja, na kila moja akangoja mpaka kalamu imalize.